Kamera Iliyoitwa Mgogo

Kila asubuhi, kabla hata ya kukoroga uji, Asnath alikuwa na kazi moja ya lazima: kumtukana jirani yake.

Aliifanya kwa moyo wote. Alifagia uani, akamwagia maji matembele yake, kisha akajifunga kanga vizuri kama mtu anayekwenda kuhutubia, akasogea penye ua wa michongoma unaotenganisha nyumba mbili, akapaza sauti: “We mpagazi! Bado umelala? Msafara umeshaondoka na mzigo wako uko hapa barabarani!” Na upande wa pili Apolinaria, mdomo umejaa dawa ya meno, angejibu: “Ombaomba mkubwa we! Umekuja kuomba nini asubuhi yote hii, chumvi au moto?” Hapo ndipo siku ilipoanza. Bila hayo chai haikukolea.

Juma lile Apolinaria alikuwa Goweko kwa kaka yake, anasaidia kuchambua tumbaku. Lakini kazi ni kazi. Asnath alipenya kwenye pengo la michongoma, akasimama chini ya baraza la jirani yake na kuinua uso kwenye kijidude cheupe kilichokaa juu ya mlango, na jicho moja jeusi katikati.

“Mpagazi! Huko Goweko wamekupa mzigo gani leo?”

Siku nyingine zote, taa ndogo ya kijani kwenye kamera ingegeuka kuwa ya bluu, kisha sauti ya Apolinaria ingetoka imekwaruza kama redio iliyokosa mawimbi: “Nimekula kuku wa kienyeji hapa, ombaomba! Wewe endelea kuvuta mlenda wako!” Na Asnath angecheka peke yake kwenye ua wa watu, mbele ya ukuta, mpaka ashike mbavu.

Asubuhi ile taa ilibaki kijani.

“Mpagazi! Umekufa?”

Aliyejibu ni lango. Lilisukumwa, akaingia Masele, mwenyekiti wa mtaa wao wa Kitete, simu mkononi. Nyuma yake walikuja wanawake wa Tufarijiane, kikundi cha kusaidiana misibani, na mbele yao Consolatha, kiongozi wao, ambaye Asnath alimjua tangu ananyonya. Tangu Consolatha ajue kusema hajawahi kumpita Asnath bila kumwamkia. Siku hiyo alimtazama, akageuza uso, akatazama bomba la maji.

Asnath aliona kukosekana kwa ile shikamoo kabla hajaona kitu kingine chochote.

“Mama Yoeli,” alisema Masele, “unafanya nini kwenye ua wa watu?”

“Naamkia, mwenyekiti.”

“Unaamkia nani? Mwenye nyumba hayupo.”

“Si huyu hapa?” Asnath akanyoosha kidole juu ya mlango. Hakuna aliyecheka. Masele alimsogezea simu. Kwenye kioo palikuwa na baraza lile lile walilosimama, na mwanamke aliyejitanda kanga usoni, ananyata, anageuka kushoto, anageuka kulia, anainama, anaushika mtungi wa gesi, anaunyanyua. Picha ikaishia hapo. Chini yake mtu alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: MWIZI WA MITUNGI YA KITETE HUYU HAPA.

Kanga ilikuwa ya Asnath. Ndiyo aliyokuwa amejifunga.

*

Kamera ile aliifunga yeye. Yeye na Apolinaria.

Mitungi ya gesi ilikuwa imeanza kupotea mtaani. Leo kwa huyu, kesho kwa yule. Jenifa, binti wa Apolinaria anayefanya kazi Mwanza, aliposikia hakulala. Akampigia mama yake: nenda dukani kwa Hitesh, chukua kamera, nimeshaongea naye. Hitesh akawafungia kiboksi kidogo kama cha saa ya mkononi, akasema, “Mama, ukishaweka hii, hata panya akipita unapata taarifa.” Asnath akamjibu kwamba jirani yake ana panya wengi, hiyo simu itamlilia mpaka ipasuke.

Kuifunga kulimaliza mchana mzima. Asnath alishika ngazi, Apolinaria akapanda, na Jenifa akawaelekeza kwa simu ya picha, uso wake umeegemezwa kwenye sufuria juu ya kigoda. Kamera ilipopata umeme ikatoa sauti ya mwanamke anayeongea Kiingereza, na Apolinaria nusura aanguke.

“Anasema nini?”

“Anasema anasubiri,” Jenifa akajibu. “Sasa mama, kwenye simu yako patatokea kimraba chenye vidoadoa vyeusi. Kionyeshe kwenye jicho la kamera.”

Walikionyesha kwa karibu mno. Wakakionyesha kwa mbali mno. Wakakionyesha kichwa chini. “Mwonyeshe taratibu,” Asnath alisema toka chini, “ana haya huyo, kama bwana harusi.” Kamera iliposoma, ikataka neno la siri la intaneti, na Apolinaria alikuwa amelisahau. Akajaribu jina la mumewe, likakataa. Akajaribu jina la mtakatifu somo wake, nalo likakataa. Mwishowe Jenifa akasema, kwa sauti ya mtoto anayejua atachekwa, kwamba neno ni jina lake mwenyewe. Likakubali. Kamera ikalia kama kifaranga, na taa ikawaka kijani.

“Sasa inataka jina. Andika Barazani.”

“Barazani!” Apolinaria akasonya. “Kitu kimekaa mlangoni kwa mtu, kimekodoa macho kama kinaomba, tutakiitaje zaidi ya Mgogo?” Akaandika hivyo hivyo: Mgogo. Asnath alicheka mpaka ikabidi akae kwenye kidato cha ngazi. Kisha akasimama mbele ya kamera, akawa mtu wa kwanza kabisa kuonekana ndani yake, akacheza kwa kurusha mabega na shingo kama wanavyocheza kwao Mvumi, Ugogo, na kwenye simu ya Apolinaria likatokea neno: *Mgogo: mtu ameonekana.*

“Angalieni taa,” Jenifa aliwaambia kabla ya kuaga. “Kijani, iko macho yenyewe. Ikiwa bluu, ujue kuna mtu anaangalia saa hiyo hiyo kwenye simu. Anaweza na kuongea. Mama, abonyeze hicho kitufe chenye kipaza sauti.”

Hivyo ndivyo matusi ya asubuhi yalivyopata njia ya kufika Goweko.

Asiyejua watani angeshangaa. Lakini babu zake Apolinaria, Wanyamwezi, walibeba pembe za ndovu mabegani toka Unyanyembe mpaka pwani, na walipofika Ugogo, koo zimekauka, babu zake Asnath waliwasimamisha kwenye visima na kuwaambia: hongo kwanza, maji baadaye. Vitambaa, shanga, jembe, chochote. Misafara ikaisha, reli ikapita pale pale, na wajukuu wakabaki na utani. Asnath alikuja Tabora kwa treni akiwa bibi harusi wa fundi wa reli, na mtu wa kwanza kumpokea alikuwa jirani aliyemwambia juu ya michongoma: “Umekuja kudai hongo mpaka huku?” Tangu hapo hawakuwahi kuitana majina. Apolinaria aliwahi kumwibia kiatu kimoja mlangoni mwa kanisa, Asnath akatembea peku mpaka nyumbani, akakikomboa kwa karanga. Asnath naye aliwahi kuuficha mchi wa jirani yake mpaka mwenyewe akatwanga kwa chupa. Kitu kikichukuliwa, mwenye nacho huja kwa kelele, analalamika mtaa mzima usikie, analipa hongo, wanakula pamoja. Na mtani hanuni. Hiyo ndiyo sheria, haina nyingine.

Siku moja kabla ya Masele kuja, Apolinaria alikuwa amemrushia yale maneno ya kuku na mlenda kupitia kamera. Asnath akaona hili haliwezi kupita. Pale barazani palikuwa na mtungi wa gesi, mtupu, unaongoja kubadilishwa. Mchana jua likiwa kali akaingia, na kwa kuwa alijua jicho liko wapi, akacheza mchezo wake kwa jicho lile. Akajitanda kanga kama wezi wa kwenye maigizo. Akanyata kwa vidole. Akaangalia kushoto, kulia, hata juu, kana kwamba kuna anayechungulia toka mbinguni. Akaunyanyua mtungi, akautua kichwani, akaokota fimbo, akaanza kutembea kwa kuyumba kama mpagazi aliyechoka, akiimba kwa puani. Mwisho akafunua uso, akapiga goti mbele ya kamera na kusema: “Babu zako walipita bila kumaliza deni. Hii ni hongo! Njoo ukomboe kwa jogoo!”

Alikwenda kwake akauweka mtungi nyuma ya jiko, mahali ambapo hata kipofu angeuona, na alilala akitabasamu.

*

“Iache iendelee,” Asnath alimwambia Masele, bado na kicheko kooni. “Mbele huko ndiko kuna utamu.”

“Imeishia hapo.”

“Haiwezi kuishia hapo. Nimefunua uso. Nimemsemesha.”

“Mama Yoeli, hii tumeletewa kwenye kundi la mtaa. Ameileta Mama Jenifa mwenyewe. Ameandika, ‘Mwizi wangu nimemkamata.’ Haya ya herufi kubwa wameongeza watu, lakini picha ni yake.”

Asnath hakuwa kwenye kundi lolote. Simu yake ilikuwa kitochi, ya kupiga na kupokea tu. Akasema, “Ni mtani wangu huyo, mwenyekiti! Hivyo ndivyo tunavyosema. Muulizeni.”

“Tumempigia tangu alfajiri. Hapatikani.”

Ndipo kitu kikabadilika juu ya vichwa vyao. Wengine hawakukiona. Ile taa ndogo ya kijani ilizima mara moja, ikawaka bluu.

Moyo wa Asnath uliruka. “Huyo hapo!” alisema. “Amekuja! Anaangalia!” Akageuka, akainua mikono yote miwili kuelekea kwenye kamera kama mtu anayepokea mtoto. “Mpagazi, waambie! Waambie hawa, wananiona mwizi!”

Wote wakainua nyuso. Taa ilikuwa bluu, imetulia. Jicho jeusi liliwatazama. Toka ndani yake haikutoka hata kukwaruza.

“Mpagazi. Hebu acha utani sasa.”

Bomba la maji lilidondosha tone, likadondosha lingine. Consolatha alishusha macho. Taa ilikaa bluu kwa muda mrefu, muda wa kutosha mtu kusema sala fupi, kisha ikarudi kuwa kijani.

“Haya, twende kwako,” alisema Masele kwa upole, na upole ule ulimuumiza Asnath kuliko kama angefoka.

Mtungi waliukuta nyuma ya jiko, pale pale. “Ni mtupu!” Asnath alisema. “Unyanyue mwenyewe. Mwizi gani anaiba mtungi mtupu?”

“Mwizi hajui mpaka abebe, mama,” alisema mwanamke mmoja nyuma, na mwenzake akaguna kukubali.

Consolatha alisogea mbele. Alikuwa anasokota ncha ya kitenge chake. “Mama, mimi nimetumwa tu. Wenzangu wamesema… tuchukue ufunguo kwanza. Mpaka lijulikane.”

Ufunguo. Asnath alikuwa nao kwenye kamba shingoni, ndani ya blauzi. Ulikuwa wa chumba cha nyuma, mlimokaa vyombo vya kikundi: masufuria makubwa ya msibani, sahani, majamvi, beseni za kunawia. Alipofiwa na mumewe, vyombo vile ndivyo vilivyotumika kupika kwake. Watu walipoondoka, wanawake walikaa kikao, wakasema vyombo visirudi kule vilikotoka, vibaki kwa huyu. Hakuna aliyetoa hotuba. Lakini Asnath alielewa. Mgeni hapewi masufuria ya msiba kuyatunza. Yoeli, mwanawe, alipomwita arudi Dodoma kwa ndugu zake, alimjibu kwamba anatunza vyombo vya watu, na Yoeli hakuelewa hata kidogo kwa nini mama yake akatae nyumba yenye vigae kwa ajili ya sufuria.

Alivua kamba, ikanasa kwenye kilemba. Consolatha akamsaidia kuinasua. Mikono yao iligusana.

*

Siku zilizofuata alijifunza mambo ambayo hakutaka kuyajua. Theodora, jirani wa mbele anayeuza karanga za kukaanga, alimwonyesha kwa huruma yaliyoandikwa kwenye simu, na huruma ile ilikuwa na haraka ndani yake. *Kuomba kumewashinda Wagogo, sasa wanaiba.* *Si ndio zao.* *Mgeni hata umpe chumba, jicho lake liko jikoni.* Asnath alisoma polepole. Yalikuwa maneno yale yale. Ombaomba, ombaomba. Maisha yake yote hapa Tabora ameyacheka yakipita juu ya michongoma, na hayakuwahi kumwachia hata alama. Sasa yalitoka kwa watu ambao si watani wake, na kila moja lilimwingia. Akaanza kujiuliza, usiku na mchana, kama yule aliyekuwa akiyasema kwa kucheka alikuwa akicheka kweli.

“Hapana,” alijiambia. “Taa ile alikuwa Jenifa.”

Ndiyo. Jenifa naye ana kamera ile kwenye simu yake. Jenifa alikuwa Mwanza, kazini, akafungua kidogo, hakuelewa, akafunga. Apolinaria hajui lolote. Goweko mtandao unasumbua. Akirudi ataingia na kelele zake, atamtukana Masele, atawatukana wote, mtaa mzima utasikia. Asnath aliishika dhana hiyo kama mtu anavyoshika ukingo wa kisima. Yoeli alipopiga simu, “Mama, rudi nyumbani, nakuja kukuchukua,” alimjibu: “Ngoja mpagazi wangu arudi kwanza.”

Apolinaria akarudi. Jumamosi jioni Asnath alisikia lango likilia, akasikia kikohozi anachokijua, akaona moshi ukipanda upande wa pili. Aliivuta sufuria yake jikoni, akakaa kwenye mkeka, akatega sikio. Hakukuwa na kelele. Jioni ikaingia giza na michongoma ikanyamaza.

Asubuhi alifagia uani. Akamwagia maji matembele. Akajifunga kanga vizuri, akasogea.

“Mpagazi?” aliita. Sauti ilitoka ndogo, kama ya mtu anayebisha mlango wa wagonjwa.

Upande wa pili ufagio ulikuwa unafagia. Ukasimama. Asnath alishika pumzi. Kupitia miiba aliona ukingo wa kanga ya kijani, na kisigino, na vumbi likitua taratibu.

Kisha ufagio ukaendelea kufagia.

*

Kikao kilikuwa Jumapili hiyo hiyo, baada ya watu kutoka makanisani, kwenye ua wa Consolatha. Vyombo vilikuwa vimeshaletwa kwa mkokoteni, vihamie kwa Theodora. Asnath alikwenda kwa miguu yake. Alisema moyoni: vilikuja kwangu mbele ya watu, na viondoke mbele ya watu. Alikaa pembeni ya masufuria, akayatazama yalivyong'aa. Alikuwa ameyasugua mwenyewe kwa majivu na mchanga baada ya msiba wa mwisho.

Masele alikuwa amesafisha koo ili aanze, lango lilipofunguka akaingia Apolinaria. Alikuwa na jogoo mwekundu kwapani, miguu imefungwa, na mkono mwingine umeshika simu juu kama tochi.

“Jamani, ngojeni!” alisema. “Ngojeni kwanza muone kitu!”

Akampa simu Masele. Masele akatazama, nyusi zikampanda. Simu ikapita kwa Consolatha, toka kwa Consolatha ikaenda kwa Theodora, toka kwa Theodora ikaenda mkono kwa mkono. Na toka ndani yake Asnath akasikia sauti yake mwenyewe, nyembamba, inaimba kwa puani, halafu inasema: “Babu zako walipita bila kumaliza deni. Hii ni hongo!”

Kicheko kilianza kwa mtu mmoja, kikaruka kwa mwingine. Mwanamke yule aliyesema mwizi hajui mpaka abebe alicheka kuliko wote, akijifuta macho kwa leso. “Kumbe utani! Ona anavyoyumba! Jamani, ona goti!”

“Hii kamera inarekodi vipande vipande,” Apolinaria alieleza kwa haraka. “Kimoja kikiisha, kinaanza kingine. Ndiyo mjue. Ni utani tu, jamani, huyu ni mtani wangu toka enzi za treni ya mvuke.”

Masele alijikuna shingo. “Basi, Mama Yoeli, yaishe. Mtaa umekosa.” Na Consolatha alikuja mbio kidogo, akainama mbele ya Asnath, akauweka ufunguo na kamba yake kwenye mapaja yake. Machozi yalimlengalenga. “Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu,” alisema Asnath, maana salamu hainyimwi.

Alichokiomba kwa siku zote zile kilikuwa mapajani mwake. Alikigusa. Kilikuwa baridi.

“Haya, ombaomba!” Apolinaria sasa alisimama mbele yake, uso umejaa jasho, tabasamu limetanuka kupita kiasi. Alimsogezea yule jogoo. “Hongo yako hii hapa! Nirudishie mtungi wangu, nisije nikaanza kupika kwa kinyesi cha ng'ombe kama watu wa kwenu!”

Watu wakalipuka tena. Kisha wakanyamaza kidogo, wakingoja jibu, kama inavyotakiwa. Nalo jibu Asnath alikuwa nalo. Lilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi, zuri, la kuwaangusha watu chini: kwamba kwa mpagazi kuleta mzigo mwepesi hivi, bila shaka kapumzika njiani mara saba. Akilisema, yote yameisha. Watachinja jogoo, watakula, kesho asubuhi michongoma itatukanana. Mtani hanuni.

Alilimeza.

“Hicho kipande cha pili,” aliuliza, “ulikipata lini?”

“Eh?”

“Ulikipata lini kwenye simu yako?”

Apolinaria alicheka kidogo. “Ah, si siku ile ile tu. Vinafuatana. We ombaomba nawe, na maswali…”

“Siku ile ile.”

“Ndiyo.”

“Na asubuhi yake walipokuja. Taa ya bluu alikuwa nani?”

Jogoo alipiga mbawa. Apolinaria alimbana zaidi kwapani. “Kule Goweko mtandao…” akaanza. “Sijui, labda Jenifa ndiye…”

“Usimtie mtoto humu.”

Theodora aliyekuwa anapanga sahani aliziacha. Apolinaria alitazama kulia, akatazama kushoto, kama yule mwizi wa maigizo, na hakuona pa kupitia. Tabasamu lilimtoka usoni polepole.

“Nilikuwa mimi,” alisema.

Asnath alimkazia macho.

“Niliituma kwa utani. Nilikuwa nacheka wakati natuma, haki ya Mungu. Niliona kile kipande cha kwanza kinatosha. Nikarudi kuangalia, nikakuta watu wameandika, wamejaa, mwenyekiti kaandika kwamba Mama Jenifa ameukomboa mtaa. Kila mtu ananipongeza. Ningesema ni utani, ningeonekana mtu gani? Nimekusingizia, nimewachezea.” Akambadilisha jogoo kwapa. “Ndipo simu ikaniambia mtu ameonekana. Nikafungua. Nikakuona. Kidole kilikuwa juu ya kile kitufe, ombaomba, kilikuwa juu yake kabisa. Nikasema nitasema baadaye, nikishajua pa kuanzia. Na kila siku ikawa ngumu kuliko jana. Leo nimeona bora niingie kwa kicheko, kwa vile u mtani wangu utanisaidia kucheka.” Akamsogeza jogoo mbele tena. “Chukua basi. Chukua hongo yako, yaishe.”

Asnath aliitazama ile hongo. Aliutazama ufunguo. Akauinua kwa kamba yake, akajivika shingoni, maana ulikuwa wake na hakuna aliyekuwa akimpa zawadi. Akasimama, wakawa wanatazamana, wanawake wawili ambao hawajawahi kutazamana bila mmoja kuwa na neno la kuchekesha mdomoni. Sauti yake alipoitoa haikuwa kubwa, lakini ilifika mpaka langoni.

“Apolinaria,” alisema, na jirani yake akashtuka, kwa kuwa hakuwahi kulisikia jina lake kwenye mdomo ule. “Mrudishe jogoo wako nyumbani. Yale ya simu wameyasema watu, nitayasahau. Lakini nilikuinulia mikono nikakuita, na wewe ulikuwa unaniona. Nilitaka neno moja tu, hata ungelisema vibaya, hata ungelisema kwa matusi. Ulinitazama ukanyamaza. Umeniumiza. Na hapa sitanii.”